Vipande Vinane vya Sukari

Tulimzika Njoroge siku ya Alhamisi, huko Bahati, mvua ya asubuhi ikiwa imekatika na udongo mwekundu umeganda kwenye viatu vya kila mtu. Wasifu wake ulisomwa na mkwewe kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma. Alizaliwa, akaoa, akapata watoto saba, akawa mpishi katika nyumba za Wazungu na baadaye katika hoteli mjini Nakuru, akawa mzee wa kanisa. Kisha ikaja sentensi ambayo nimekuwa nikiirudia kichwani tangu siku hiyo: "Marehemu hakubahatika kupata elimu, lakini alijaliwa mikono mizuri." Watu wakatikisa vichwa kwa upole. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa tatu chini ya hema, kwenye kiti cha plastiki, fimbo yangu katikati ya magoti. Nilijua kwamba sentensi ile si kweli. Waliolijua hilo na bado wanapumua walikuwa wawili tu, mimi na mjane wake Wambui, na Wambui alikuwa amejifunika leso usoni. Ningeweza kuinua mkono. Sikuinua. Kunyamaza ni kazi ambayo nimeifanya muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote.

Baada ya mazishi tulirudi nyumbani kula. Mbuzi alikuwa amechinjwa na mikono isiyo ya Kiislamu, kwa hiyo mimi niliandaliwa maharagwe na chapati kando, na aliyetumwa kunihudumia alikuwa mjukuu wa marehemu, binti anayeitwa Nyokabi, aliye chuo kikuu. Akaketi karibu nami kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa asimwache mzee peke yake. Nilimwuliza anasoma nini. Akasema fizikia, na kwamba anataka kuendelea na nyota, hasa zile zinazokufa, akiniita guka, yaani babu. "Zikiwa nzito sana, guka, zikizima hazibaki. Zinajiangukia zenyewe ndani mpaka hata mwanga hauwezi kutoka. Tunaita mashimo meusi." Akangoja niseme yale ambayo wazee husema, kwamba Mungu ni mkubwa. Mimi nikamwuliza, "Zinahitaji uzito gani?"

Akacheka kwa mshangao. "Watu wote huuliza ukitumbukia ndani utapatwa na nini. Hakuna anayeuliza uzito." Kisha akanieleza, akihesabu kwa vidole. Nyota ikizaliwa na uzito wa majua ishirini hivi au zaidi, na ikimaliza kuni zake, sehemu kubwa hulipuka na kutawanyika. Kinachobaki katikati kikizidi uzito wa majua mawili na nusu, matatu hivi, basi hakuna kitu kinachojulikana kinachoweza kukizuia kisianguke. "Hiyo namba kamili bado wanabishana," akasema. Halafu akaongeza, huku akinimiminia chai, kwamba hajui alitoa wapi kichwa hicho, maana upande wa mama yake wote ni wafanyabiashara, na upande wa baba yake, "si umesikia vile wamesoma pale, guka hakuenda shule."

Nikaiweka chapati chini. Swali lile nililomwuliza sikulitunga mimi. Nililisikia kwa mara ya kwanza mwaka 1953, kwenye chumba cha kulia cha shamba moja upande wa Njoro, nikiwa nimeshika bakuli la mchuzi kwa mikono miwili.

Chumba kile ningekichora leo nikiwa nimefumba macho. Sakafu ya mbao iliyopigwa nta, ambayo mimi ndiye niliyekuwa nikiipiga nta kila Jumamosi. Meza ya mti wa mwerezi. Dirisha kubwa linalotazama uwanja wa nyasi, na katikati ya uwanja, juu ya jukwaa la saruji, darubini ya bwana imefunikwa turubai kama ng'ombe mgonjwa anayekingwa baridi. Kwa sababu ya darubini hiyo wafanyakazi walimwita Bwana Darubini, na mimi nitamwita hivyo hivyo, kwa kuwa jina lake halina faida kwa mtu sasa. Alikuwa mhandisi aliyestaafu, mrefu, mwenye masikio makubwa, na hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa makusudi. Katika miaka ile tulikuwa na Wazungu waliopiga watu na Wazungu waliosalimia watu, na yeye alikuwa wa kusalimia. Nilikuwa boi wake wa meza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Bondeni, Nakuru mjini, nimesoma Kurani na miaka minne ya shule ya serikali, na nilivaa kanzu nyeupe yenye mshipi mwekundu na tarbushi, kwa sababu mkewe, memsahibu, alipenda mezani kwake paonekane hivyo.

Njoroge alikuwa mpishi. Alikuwa amenizidi miaka saba hivi, mfupi, mpana wa mabega, mwenye mzaha mkavu. Alikuwa amesoma kwa wamisheni mpaka mwalimu wake akamtaka awe mwalimu, kisha jambo fulani la nyumbani likamtoa shuleni, akaishia jikoni. Kiingereza alikijua kukisoma, kukiandika na kukifikiri. Changu kilikuwa cha kuokota: nilikiokota mezani, sahani moja baada ya nyingine, kwa miaka mitatu. Na hapa lazima nieleze desturi moja, kwa sababu vijana wa leo hawataielewa hadithi hii bila hiyo. Mtumishi wa nyumbani hakujua Kiingereza. Hata kama alikijua, hakukijua. Boi anayejua Kiingereza aliitwa aliyeharibika, na hakupata kazi. Kwa hiyo Wazungu walituamrisha kwa kile Kiswahili chao, "lete chai," "wewe nasahau chumvi," kisha wakageukiana na kuzungumza Kiingereza juu ya vichwa vyetu, wakisema kila kitu, kana kwamba tulikuwa kabati za vyombo. Tuliihifadhi desturi hiyo kuliko walivyoihifadhi wao. Mkono ukiungua hulii kwa Kiingereza, Njoroge alikuwa akiniambia, unalia kwa lugha ya mama yako.

Lakini jikoni ilikuwa habari nyingine. Jikoni ilikuwa kibanda cha mawe nyuma ya nyumba, stovu ya kuni, meza iliyosuguliwa mpaka ikawa nyeupe, na ukutani kibao cheusi cha shule, ambapo memsahibu aliandika vyakula vya wiki. Nikirudi na sahani chafu, Njoroge alikuwa akinipokea kwa swali lile lile.

"Haya, redio. Leo wanasema nini huko?"

Nami nilisema. Nilikuwa na masikio mazuri na kumbukumbu nzuri, na nilipenda kusikilizwa. Nani amegombana na mkewe, ngano imeharibika wapi, nani anataka kuuza ardhi arudi kwao. Maneno mengine niliyabeba bila kuyaelewa, nikiyatamka vile nilivyoyasikia, na Njoroge alinifafanulia. Mimi nilikuwa mdomo, yeye alikuwa kichwa. Nilifurahi kuwa mdomo.

Mwaka ule Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa kwa sababu ya uasi wa msituni, na kila Mkikuyu wa mashambani alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba yai. Kulikuwa na karatasi mpya za kuonyesha, picha mpya za kupigwa, na treni za watu waliokuwa wakirudishwa kwenye rizavu, yale maeneo waliyotengewa Wakikuyu, ambazo wengi wao hawakuwahi kuziona. Mimi sikuwa Mkikuyu. Mimi nilikuwa Mswahili wa Bondeni, mtu wa kanzu, na askari walipokuja kupanga watu mstari niliambiwa nisimame kando. Nilisimama kando. Wambui, mke wa Njoroge, alikuwa dobi wa nyumba ile na alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, miezi mitatu. Kaka yake alikuwa amekuja kujificha kwenye laini, vile vyumba vya mstari vya wafanyakazi, za shamba jirani, hana karatasi. Kila mtu jikoni alijua na hakuna aliyesema.

Jirani mmoja alikuwa akija kula kila Jumapili mchana. Alikuwa polisi wa akiba, na alikuja kwa farasi, kwa hiyo tulimwita Bwana Farasi. Jumapili moja, akiwa anakata nyama, alisema kwa Kiingereza, mbele yangu, kwamba Jumatano alfajiri watazingira laini zile na kuwatoa wote wasio na karatasi. Nilimpa viazi. Nikarudi jikoni, na kwa mara ya kwanza sikumwambia Njoroge. Sijui kwa nini. Nadhani niliona ni jambo kubwa mno kwa mzaha wetu. Kesho yake nilimkuta Wambui akianika mashuka uani, nikasimama upande wa pili wa shuka, nikamwambia. Hatukuonana nyuso. Alisema tu, "Nimesikia, Rajabu," akaendelea kubana vibanio. Jumatano askari walifika wakakuta chumba cha kaka yake kina majivu ya moto na hakuna mtu.

Sijuti kwa hilo. Ningerudishwa pale uani leo, ningesema tena.

Jumapili iliyofuata Bwana Farasi alikuja na hasira. Tangu supu alikuwa hazungumzi kitu kingine. "Kuna mtu amesema," alirudia. "Kwenye meza fulani tumezungumza, na kwenye meza hiyo kuna mtu mwenye masikio." Nilikuwa nyuma ya kiti chake, na jasho lilikuwa likinitiririka chini ya tarbushi. Bwana Darubini hakupenda hasira mezani. Ili kumtuliza mgeni, akaanza habari za nyota, kama alivyozoea, na memsahibu akashusha pumzi kwa namna ambayo ilisema, afadhali nyota.

Alisema kwamba nyota nayo huzeeka. Ikishaishiwa na moto wake inabaki uzito mtupu, na uzito huo unaivuta kuelekea katikati yake. "Uzito gani?" mgeni akauliza. Kabla ya vita, Bwana Darubini akasema, watu wawili watatu walipiga hesabu wakaona kwamba nyota mfu ikizidi kidogo uzito wa jua letu, tuseme jua moja na nusu, haiwezi kutulia ikawa ile nyota ndogo nyeupe inayojulikana. "Na zaidi ya hapo?" akauliza mgeni, kwa shingo upande. "Zaidi ya hapo hakuna ajuaye. Labda inaendelea kuanguka. Inaanguka mpaka inakuwa ndogo kiasi kwamba mwanga wenyewe haupati nguvu ya kutoka." Akachukua kitunguu kimoja kidogo cha siki kutoka kwenye sahani akakishika juu. Dunia yote, akasema, milima na bahari na shamba hili, ukiweza kuibana mpaka ikawa kama kitunguu hiki, mwanga hautatoka. Jua lenyewe ungelibana mpaka kutoka katikati hadi ukingoni iwe maili mbili tu, yaani kutoka meza hii mpaka lango la barabara kuu. Majua mawili, maili nne. Majua kumi, maili ishirini.

"Kwa hiyo kadiri kitu kinavyokuwa kizito," Bwana Farasi akasema, akitafuna, "ndivyo unavyopaswa kukibana zaidi."

"Bila shaka," akasema Bwana Darubini, akala kile kitunguu.

Nilipofika jikoni na mabaki ya mguu wa kondoo, Njoroge alikuwa akitoa pudini. "Haya, redio," akasema. Ningepaswa kumwambia kwamba mgeni anatafuta mtu mwenye masikio. Ningepaswa kumwambia tufunge mdomo, redio imeharibika. Badala yake, labda kwa sababu nilikuwa na hofu na nilitaka kusema kitu kingine chochote, nilimwambia yale ya nyota, neno kwa neno, hadi maili ishirini, hadi "bila shaka."

Njoroge akaiangalia pudini. Kisha akasema, "Si kweli."

"Nini si kweli?"

"Hiyo ya mwisho. Amesema namba mwenyewe, halafu hakuzisikia. Hebu lete ile sukari."

Alifungua boksi la sukari ya vipande, ile ya kahawa ya wageni. Akaweka kipande kimoja mezani. "Hili ni jua moja, limebanwa. Sasa majua mawili. Upana mara mbili, ndiyo amesema? Maili mbili, maili nne." Akapanga vipande viwili, akaongeza viwili pembeni vikawa vinne, akaweka vinne vingine juu. "Kitu chenye upana mara mbili ni vipande vinane, si viwili. Hesabu mwenyewe."

Nikahesabu. Vilikuwa vinane.

"Basi uzito ni mara mbili tu lakini nyumba ni mara nane. Nani amebanwa zaidi, huyu wa chumba kimoja, au hawa wawili wenye vyumba vinane?"

"Wa chumba kimoja."

"Eeh. Na majua kumi? Upana kumi, mara kumi, mara kumi. Nyumba elfu moja, wapangaji kumi." Akacheka peke yake, kicheko cha ndani, akifuta mikono kwenye aproni. "Kwa hivyo Rajabu, ukiongeza majua ya kutosha itafika mahali hata huhitaji kubana. Inakuwa nyepesi kama maji. Nyepesi kama hewa. Unaiweka tu pamoja na mwanga hautoki. Huyu mzee amekuwa akichungulia miaka yote na hajaona!"

Akachukua chaki ya memsahibu. Chini ya orodha ya vyakula akaandika moja, mbili, kumi, na mbele yake moja, nane, elfu moja. Na kwa kuwa alikuwa amefurahi, na kwa kuwa, nadhani, hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza swali la maana tangu atoke shuleni, akaandika chini yake sentensi moja ya Kiingereza, herufi zimelala kwa mteremko kama za wamisheni, kwamba kadiri kitu kilivyo kizito ndivyo kinavyohitaji kubanwa kidogo. Akarudi nyuma hatua moja kuitazama. Katika maisha yangu nimewaona watu wakitazama watoto wao wachanga na watu wakitazama ardhi yao mpya. Sijamwona mtu mwenye uso kama ule.

"Futa," nikamwambia.

"Nitafuta. Peleka pudini kwanza, itapoa."

Nilipeleka pudini. Nilipokuwa nikikusanya vijiko, Bwana Farasi aliaga, akasema farasi wake anapenda sukari, na Bwana Darubini, ambaye mguu wake haukuwahi kukanyaga jikoni, akasema twende tukamtafutie. Mimi nilikuwa na trei iliyojaa. Sikuweza kuwapita.

Waliingia. Mgeni akanyoosha mkono kwenye ule mnara mdogo wa vipande vinane akautazama, na mwenyeji akainua macho ukutani. Nilimwona akisoma. Alisoma mara mbili. Kisha akapiga meza kwa kiganja, akacheka kwa sauti, masikio yamekuwa mekundu. "Mungu wangu," akasema kwa Kiingereza, "ni kweli! Ni kweli kabisa! Nimekuwa mpumbavu!" Kwa muda ambao mtu huchukua kuvuta pumzi mbili, Bwana Darubini alimtazama Njoroge kama mtu anavyomtazama mtu. Nilishuhudia. Njoroge naye alitabasamu.

"Nani ameandika?" mgeni akauliza. Sauti yake haikuwa na furaha yoyote.

Kicheko kikaisha. Bwana Darubini akageuka kwenye Kiswahili chake. "Njoroge. Wewe naandika hii?"

"Ndiyo, bwana."

"Wewe nasikia Kingereza?"

Njoroge akatazama kibao. Bwana Farasi akanigeukia mimi, mlangoni, na trei yangu. "Wewe. Huyu najua Kingereza?"

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Hiyo ilikuwa kweli.

"Na wewe?"

"Hapana, bwana. Mimi najua Kiswahili tu."

Waliniamini papo hapo, kwa sababu ya kanzu na kwa sababu ya Bondeni. Hakuna aliyeuliza ni vipi mpishi aliyekuwa kwenye kibanda nyuma ya nyumba alisikia mazungumzo ya chumba cha kulia. Mtoto mdogo angeuliza. Walikuwa na jibu lao tayari na halikuhitaji swali. Njoroge aliniangalia mara moja, si kwa hasira, akaangalia stovu yake. Angeweza kusema, "Huyu ndiye huniambia." Alichukua kitambaa akafuta kibao polepole, orodha ya memsahibu ikabaki, akaambiwa akae pale pale asitoke.

Lori lilimchukua siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi. Bwana Darubini alisimama barazani mikono mfukoni akasema kwa mkewe kwamba ni jambo la kusikitisha, lakini mtu hawezi kujua. Wiki ile ile Wambui na mtoto walipandishwa treni Nakuru na mafurushi mawili. Njoroge alizungushwa kambi hii na ile miaka sita. Walitaka aseme ni meza zipi alizisikiliza na alimpelekea nani habari ya Jumatano ile. Sijui walimfanyia nini. Aliporudi, kidole gumba cha kulia hakikukunjika tena, na yule mtu wa mzaha hakurudi naye.

Bado sijasema linalonikera kuliko yote. Jumapili ya pili baada ya lori, kulikuwa na wageni wapya, na mpishi mpya aliyeunguza nyama. Nilikuwa napitisha mchuzi. Bwana Darubini akaleta habari za nyota, akainua kitunguu, akasema maili mbili, maili nne, maili ishirini. "Na sasa," akasema, "mtadhani kwamba kizito zaidi hubanwa zaidi. Nami nilidhani hivyo. Lakini nimepiga hesabu." Akaomba sukari. Akapanga vipande vinane juu ya kitambaa cha meza. Wageni wakapiga makofi. Memsahibu alitazama sahani yake. Nami nilisimama pale na bakuli langu, nikielewa kila neno, na jikoni hakukuwa tena na mtu wa kumpelekea.

Nilifanya kazi pale miezi minane zaidi. Sina udhuru wa miezi hiyo.

Baada ya uhuru Njoroge alipata kipande cha ardhi Bahati, na mimi nilikuwa na duka dogo la kushona Bondeni. Nilikuwa nikimtembelea kila mwaka, mara mbili, mara tatu. Tulikaa sebuleni, tukazungumza mvua, bei ya viazi, watoto. Kila mara nilitoka nyumbani nikiwa nimejipangia maneno, na kila mara niliyarudisha. Nilijidanganya kwamba hajui ya Wambui na shuka. Nilijidanganya kwamba amesahau ya "na wewe?" Nilijidanganya kwamba aliponyamaza jikoni alininyamazia mimi, kama ndugu, na kwamba kulifukua lile kungekuwa kumdharau. Watoto wake hakuwafundisha hesabu wala Kiingereza, wala hakuwaambia kwamba alisoma. Waliporudi na vitabu alitoka nje.

Haya yote nilimwambia Nyokabi pale pale, chapati imepoa, sauti yangu ikiwa ya chini. Sikukusudia kumwambia mtu, achilia mbali mtoto. Nilipofika kwenye vipande vya sukari alichukua kalamu akaandika kwenye mkono wake, mbili, nane, kumi, elfu. Akazitazama. Kisha akasema kwamba ni sawa kabisa, kwamba yale mashimo makubwa yaliyo katikati ya makundi ya nyota, yenye uzito wa majua milioni nyingi nyingi, mengine ni mepesi kuliko maji. "Sisi tulifundishwa hiyo mwaka wa pili," akasema. "Guka aliipata na sukari?" Machozi yalikuwa yanamtoka lakini alikuwa pia amekasirika, na alikuwa na haki. "Na nyinyi wote mkawacha wasome pale hakusoma."

Ndipo nikagundua kwamba Wambui alikuwa kwenye kiti chake nyuma yetu, leso imeshuka mabegani, na kwamba hakuwa amelala.

"Nilimwambia mimi," akasema. "Jumatano ile ile. Nilimwambia ni wewe uliniambia. Alijua kabla hawajaja na lori."

Nilimwuliza kwa nini basi hakunitaja, miaka sita, na kidole kile.

"Angekutaja, wangekuchukua. Wewe ungekaa siku moja, ungesema jina langu. Nilikuwa na mtoto wa miezi mitatu." Aliongea bila ukali, kama mtu anayeeleza njia. "Usifikiri ni wewe alikuwa anaficha, Rajabu."

"Sikufikiri," nikasema, na huo ulikuwa uongo mwingine, ndipo nikausahihisha. "Nilifikiri hivyo. Miaka yote."

"Yeye alikuwa anangoja tu useme. Ile ya jikoni, uliposema hujui Kiingereza, si ile yangu ya shuka. Ukija alikuwa ananiambia, leo atasema, hebu weka chai. Ukienda ananiambia, labda Krismasi. Akangoja sana. Halafu akaacha."

"Aliacha lini?"

Akafikiri, akikunja leso. "Mwaka sikumbuki. Lakini ni wakati ule aliniambia nisikuletee chai tena kwa vikombe vya nyumbani. Akasema huyu mletee kwa vya wageni."

Navikumbuka vikombe hivyo. Vilitolewa kwenye kabati la vioo, vilikuwa na ukingo wa dhahabu, na kila mara nilipowekewa kimoja mbele yangu nilikishika kwa uangalifu, nikidhani nimepewa heshima.